CD ya Kukamulia Ng'ombe

Kaka yangu alipiga simu kutoka mjini akasema, "Kama huyo ng'ombe hatoi maziwa, auzwe. Wiki ijayo namleta mnunuzi." Nikamjibu sawa, kaka, kwa heshima zote, kisha nikakata simu nikasonya. Tangu tumzike mama hajalala hapa Endasak hata siku moja. Mimi ndiye niliyerudi na begi na laptop, nikaikuta nyumba kimya na ng'ombe wa mama, wa mwisho aliyebaki, ambaye hanitaki.

Maziwa alikuwa nayo. Kiwele kilijaa, ila alikuwa anabana. Kwetu ng'ombe hukamuliwa kwa maneno. Mama alimsemesha kwa Kiiraqw tangu anapokaa kwenye kigoda mpaka anaponyanyuka: anamsifia, anamgombeza, anamuuliza ameshinda wapi. Mimi nikijaribu maneno yale yale, napigwa teke. Kiiraqw changu kiliharibikia shule ya bweni, na ng'ombe anajua.

Sauti ya mama nilikuwa nayo kwenye simu. Likizo moja nilimrekodi akikamua, ili nikawachekeshe wenzangu kazini. Nikaipiga zizini, ikatoka kasauti kembamba kama ka mbu. Ng'ombe hata sikio hakutikisa. Redio kubwa ya mama ndiyo ingefaa, lakini ni ya zamani, inapiga CD tu.

Basi nikapanda bodaboda hadi Katesh, kwa mzee mmoja anayeuza vifaa vya umeme.

"Shikamoo baba. Una CD tupu?"

"Marahaba. Tupu? Mwanangu, bado kuna watu wanachoma CD?"

Akainama chini ya kaunta, akafuta vumbi, akanipa tatu. Hakuwa na nyingine.

Ya kwanza nilinakili faili kama lilivyo. Redio ikaizungusha weee, mwisho ikaandika kwamba haina CD. Haina CD, na imeimeza mbele ya macho yangu! Kumbe redio hizi hazijui faili la simu. Lazima uichome kama CD ya muziki. Ya pili nikaichoma hivyo, na katikati umeme ukakatika. Betri ya laptop ilishakufa siku nyingi. Nikaitupa uani kwa hasira, halafu nikaenda kuiokota mwenyewe. Hakuna aliyeniona wala kunicheka, na hasira isiyo na mtu wa kuiona inachosha.

Ikabaki moja. Nikampigia yule mzee, namba yake ilikuwa kwenye risiti.

"Ulichagua kasi gani?"

"Ya juu kabisa."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haraka haraka haina baraka. Weka ya chini, funga programu zote, na usiiguse laptop mpaka iitoe CD yenyewe. Lenzi ya redio uipanguse na pamba."

Nilimuuliza hata mambo niliyokwisha kuyajua, ili asikate simu. Tangu wiki ianze sikuwa nimezungumza na mtu kwa muda mrefu hivyo. Alipoaga, nilibaki nimeshika simu sikioni kama mjinga.

Asubuhi umeme ulikuwa umetulia. Nikachoma kwa kasi ya chini, mikono mapajani, kama nauguza mgonjwa. CD ikatoka. Nikaitia redioni, mama akaanza kusema. Nikazima upesi. Sikuweza kusikiliza zaidi ya maneno mawili.

Jioni nikaitia redio mawe mapya, betri zile kubwa, maana zizini hakuna umeme, nikaibeba. Ndama wake nilimfunga karibu. Nikakaa, nikabonyeza. Ng'ombe akaacha kucheua, masikio yakasimama. Mama akamsifia, akamuuliza ameshinda wapi, na maziwa yakashuka, jamani, yakashuka mpaka povu likafika mdomoni mwa ndoo. Nilikamua nimeegemeza kichwa ubavuni mwake, nikimwonea wivu. Yeye aliamini kwamba mama yupo. Nikawaza nitakavyomwambia kaka: hauzwi, na huyo mnunuzi asipoteze nauli.

Halafu mama akaacha kusema na ng'ombe. Akageukia Kiswahili, kile anachonisemesha mimi.

"We mwanangu, acha kuchezea simu. Njoo ushike ndama."

"Abee mama, nakuja," nikaitika, na nilikuwa nimeshasimama.