Kibao cha Kilugha

Mwalimu Eufrasia, Mhaya wa Bukoba, alijifunza Kisukuma kwa wauza viazi wa gulioni, maana watoto wa darasa la kwanza walimtolea macho tu kila alipofundisha kujumlisha. Alipowaeleza kwa lugha ya nyumbani kwao, wakaelewa. Kosa kubwa hilo! Mwalimu mkuu Enock, Msukuma ambaye hata ng'ombe wake huwafokea kwa Kisukuma, alimwandikia barua ya onyo, kisha akachongesha kibao: anayeongea kilugha shuleni akivae shingoni mpaka amnase mwingine, ndipo amvishe huyo. Watoto wa miaka saba wakageuzwa makachero.

Juzi alifika mgeni rasmi kutoka mkoani kuzindua wiki ya elimu inayoheshimu tamaduni zote. Hema, spika, soda baridi, hotuba ya kurasa tisa. Kibao siku hiyo alikivaa Mageni, binti wa mkulima wa tumbaku, aliyethubutu kuomba ruhusa ya chooni kwa Kisukuma. Enock alimficha mstari wa nyuma.

"Mwangaluka!" mgeni aliwasalimu wazazi kwa Kisukuma. Vigelegele! Kaenzi utamaduni! Enock alipiga makofi kuliko wote.

Mageni hakupiga. Sheria anaijua. Alipita katikati ya viti, akavua kibao, akamnyooshea mgeni. Enock akamkonyeza Eufrasia amwondoe mtoto.

Eufrasia akasogea, kwa adabu zake zote.

"Mheshimiwa, naomba uiname kidogo," alisema. "Mtoto hafiki."