Nazi Tatu za Mzee Nyawa

Jambo hili nyinyi nimewaficha miaka mingi, na walioliona kwa macho yao wengi washatangulia mbele ya haki, basi leo wacha niliseme mwenyewe, mcheke, mkichoka muache: mimi, Mwanasiti binti Omari, mke wa mtu, nilikwama juu ya mnazi huku kwetu Bofu, mchana kweupe, na mama mkwe yuko chini.

Ilikuwa wakati wa ile vita ya Wazungu. Nilikuwa na miezi mitatu tu katika ndoa, mume wangu Hamisi ashavuka feri kwenda kazini bandarini, na mamake, Bi Mwanajuma, akaleta habari kuwa adhuhuri atakuja kula kwangu kwa mara ya kwanza. Mchele ninao (nilioupata kwa tabu, siku hizo chakula kilikuwa cha kupimiwa), lakini nazi sina, na kumpa mama mkwe wali usiotiwa tui, heri umfungie mlango.

Nikamwita Mzee Nyawa, mkwezi wetu, Mduruma mwembamba mwenye nyayo ngumu kama ngozi ya ngoma. Akaupapasa mnazi wangu.

"Mti umelowa mvua, mwanangu, tena umeinama. Hapa ujira wangu nazi tatu."

"Tatu! Babu, nikihesabu hamsini ushapanda ushashuka!"

"Haya," akasema, wala hakukasirika. "Hesabu basi." Akaenda zake shamba la jirani.

Nami kwa ukaidi wangu (utotoni nilikuwa napanda mikorosho) nikajifunga kanga uwinda, pindo nikalipitisha katikati ya miguu, nikashika vidato, ile mikato ya kukanyagia, nikapanda, na kupanda wallahi si kazi, nikafika, nikaanza kusokota na kuangusha, moja, mbili, ya tatu ikapasua mtungi wangu wa maji, nikasema si neno, nikaendelea, kisha nikatazama chini na vidato sikuviona tena. Nikaukumbatia mnazi, kushuka siwezi.

Kumbe kuna jambo jingine sikulijua. Mkwezi kabla hajapanda hupaza sauti ili wanawake wajisitiri, maana ukiwa juu bafu zetu za makuti zisizo na paa zaonekana zote. Mimi sikupaza. Jirani yangu Riziki alikuwa anaoga, akainua uso, akaona mtu mnazini.

"Mwivi! Mwanamume anachungulia!"

"Ni mimi, Riziki!"

"Wewe nani?"

"Mwanasiti!"

"Mwongo! Mwanasiti yuko jikoni anampikia mkwewe!"

Watu wakaja mbio na magongo, na nyuma yao, taratibu, na buibui lake, Bi Mwanajuma. Akatazama juu.

"Yule ni mkaza mwanangu?"

Kisha akawageukia wenye magongo.

"Nyie wanaume, geukeni!" Wakageuka wote, wakabaki na magongo yao wakiutazama ukuta wa jiko langu.

Mzee Nyawa naye alisikia kelele, akaja. "Fumba macho, mwanangu," akasema. "Mimi nautazama mti tu." Akapanda mpaka chini yangu, akanishika kisigino akakiweka katika kidato, kisha cha pili, kisha cha kwanza tena, huku akinisimulia habari za mbuzi wake, hata nikahisi mchanga. Nikatazama nilivyoangua: madafu na vidaka vichanga, hakuna hata moja ya kukuna!

Yeye akapaza sauti, akapanda tena, akagonga kwa kidole, akasikiliza, akaangusha nazi kavu tupu, zote mahali pamoja. Nikamsogezea sita.

"Nilisema tatu," akanijibu, akachukua tatu.

Bi Mwanajuma alikula, akajiongeza, akapangusa mkono. "Mwambie Hamisi ameoa mpishi," akasema. "Mkwezi tunaye."

Basi miaka na miaka, kila Mzee Nyawa akipaza sauti, "Jisitirini, mkwezi apanda!" Riziki humjibu kutoka bafuni kwake, "Mkwezi yupi, wewe au Mwanasiti?"

Nami tangu siku hiyo, awe fundi wa paa, awe mshonaji, akinitajia ujira wake sihesabu hamsini wala kumi. Namuuliza tu kama ataanza kazi sasa au atakunywa chai kwanza.