Macho ya Guka

Mwaka wa nne wa uhuru ulimkuta Phelister huko Kiganjo, amechoka. Si uchovu wa kazi ya siku moja, kwa maana huo huisha mtu akilala. Alikuwa amechoka kuanza. Mumewe, Philemon, alikuwa askari polisi, na askari ni kama mbegu inayopeperushwa, haiulizwi iangukie wapi. Kila walipohamishwa, lori la serikali lilibeba kitanda, sufuria na kuku. Vitu vya darasani vilibaki nyuma, kwa sababu hakuna dereva aliyekubali kubeba takataka.

Ndivyo madereva walivyoviita. Yeye aliviita vifaa. Shule ya chekechea aliyofundisha, katika chumba cha mbao nyuma ya kanisa, haikuwa na kitu ila ubao na mabenchi. Basi Phelister aliokota. Vifuniko vya soda alivitoboa akavitunga kwenye waya, watoto wakahesabia. Mkebe wa rangi ya viatu ukawa uso wa saa. Vigunzi vya mahindi vilitiwa miguu ya njiti, vikawa ng'ombe wa kugawanya na kutoa.

"Mwalimu," alitania Mzee Wahome, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, "hapa Kiganjo mtu akiangusha kofia leo, kesho ataikuta inafundisha hesabu."

"Angusha na viatu, mzee. Tuna somo la miguu."

Kilichopendwa kuliko vyote ni mwanasesere mkubwa aliyewazidi kimo baadhi ya watoto. Kichwa chake kilikuwa debe la mafuta ya kupikia, mikono yake vipande vya tyubu ya baiskeli, ndevu zake katani. Watoto walimwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, na kila asubuhi walimwamkia yeye kwanza ndipo wamwamkie mwalimu. Macho yake yalikuwa vifungo viwili vikubwa vya kahawia. Phelister alivipata kichakani karibu na mto, alikokwenda kutafuta kuni. Kabuti zima lilikuwa juu ya majani, limelowa umande. Alidhani kuna mlevi aliyelisahau. Alikata vifungo viwili, kabuti akaliacha palepale mwenyewe aje alichukue.

Mwezi wa Juni aliletwa mtoto mpya, Watiri, ambaye baba yake alikuwa amekufa majuma machache nyuma, ameangukiwa na mti huko msituni alikofanya kazi ya kupasua mbao. Wenzake walimvuta akamsalimie Guka. Watiri alisimama mbele ya mwanasesere akamtazama sana.

"Huyu si guka," alisema. "Huyu ni baba."

Wenzake walicheka. Yeye aliweka kidole juu ya jicho la kushoto, ukingoni, palipokuwa na alama ndogo. "Hapa niliuma mimi."

Phelister aliyachukua kuwa maneno ya kitoto. Lakini kesho yake, kabla ya kengele, walifika mama yake Watiri, Kabura, na mkwewe, bibi kizee Gathoni, ambaye kila mtu alimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Kabura hakuvuka mlango. Alikiona kile kifungo alichokuwa akitafuna mwanawe alipoota meno, akaipeleka leso mdomoni. Gathoni ndiye aliyeingia.

"Nani alikutuma kuokota kifo cha watu?"

"Cucu, mimi sikujua..."

"Hata kuku haijui. Inachokora tu."

Ndipo Phelister alipoelezwa. Baada ya mazishi, Gathoni aliamuru kabuti la mwanawe litupwe kichakani, ili kifo kilichomfuata kisirudi kutafuta wengine nyumbani. Watu wote wa upande ule walilipita wakitazama kando. Kwao Phelister, huko Bungoma, nguo za marehemu hugawiwa ndugu, na hakuna ambaye angeacha kabuti zuri liozee majanini. Hapo ndipo ugeni ulipomponza.

Gathoni alimshika mkono Watiri, waliyekuja naye, wakaenda zao. Habari zilikimbia. Siku iliyofuata watoto wa bondeni hawakuja, na Ijumaa hata benchi la mbele halikujaa. Mzee Wahome alikuja, safari hii bila utani.

"Mwalimu, wazazi wanasema ati hapa watoto wanacheza na maiti."

"Ni vifungo, mzee."

"Najua ni vifungo. Lakini Jumatatu nikikuta mabenchi matupu, kamati itawapa akina mama chumba hiki washonee."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mke wa askari," alisema kwa upole. "Mtahama tu."

Neno hilo lilimuuma kuliko la kuku. Jioni alimweleza mumewe, na Philemon, akivua buti, akasema, "Kama ni huyo mdoli, mchome utengeneze mwingine. Takataka haijaisha duniani." Phelister aliendelea kupakua chakula. Takataka haijaisha, ni kweli. Zilizokuwa zimeisha ni nguvu za kuinama na kuiokota. Akifungiwa chumba hiki, hataanzisha kingine, si hapa wala popote watakapotupwa. Alilijua hilo kama mtu anavyojua kwamba jino lake limekufa.

Jumapili baada ya ibada alivikata vile vifungo, akavifunga kwenye kitambaa na kushika njia ya kwa Gathoni. Alimkuta anachagua maharagwe uani.

"Cucu, nimevileta."

"Usiniwekee mkononi!" Bibi aliusogeza ungo. "Ulikotoa ndiko utarudisha. Na nitakwenda nikuone."

Waliteremka wawili hao, Gathoni mbele na fimbo yake, Phelister nyuma kama mtoto aliyetumwa kurudisha kitu cha wizi. Kabuti lilikuwa bado lipo, limeanza kuota ukungu mabegani. Phelister aliinama akavitia vile vifungo mfukoni mwa kabuti, akasimama. Hakuna aliyeondoka.

"Alilipenda," alisema Gathoni. "Hata jua likiwaka, yeye na kabuti. Nilimwambia, wewe, utaiva kama kiazi."

"Kwetu, Cucu, mdogo wake angelivaa."

"Na huyo mdogo wake angepata usingizi?"

"Angepata. Angekuwa na joto."

Gathoni alimgeukia kwa hasira, kisha kicheko kikamponyoka, kifupi, kama kikohozi. Alijifuta macho kwa ukingo wa leso. "Nyinyi watu wa mbali hamna woga," alisema. "Au mko na baridi sana." Alipopanda mlima aliomba bega la kushikilia, na Phelister, ambaye miguu yake mwenyewe ilikuwa mizito, akampa.

Jumatatu aliwahi kufungua chumba. Alikuwa amekusudia kumtia Guka macho mengine. Vifuniko vya dawa alikuwa navyo, na gundi. Lakini aliketi kwenye benchi la watoto, mikono mapajani, akakitazama kile kichwa cha bati chenye matundu mawili, asiweze.

Wa kwanza kutokea barabarani alikuwa Gathoni mwenyewe, amemshika Watiri mkono, anatembea katikati ya njia ili kila jirani amwone. Nyuma yao walikuja watoto wa bondeni, mmoja mmoja. Si wote. Benchi la nyuma lilibaki tupu, na Mzee Wahome, aliyepita na kuchungulia, alihesabu kwa macho, akainua kofia yake na kuendelea na safari.

"Mwalimu, macho ya Guka yako wapi?" aliuliza mvulana mmoja.

"Yamerudi kwa mwenyewe."

Phelister alitaka kusema kwamba atapata mengine kesho. Maneno hayo aliwahi kuyasema katika miji mitatu, na sasa hayakumjia.

"Kumbe haoni," alisema yule mvulana.

Watiri alikwenda akaushika mkono wa tyubu. Alimshusha mwanasesere kutoka kitini, akamburuta polepole katikati ya wenzake.

"Mpisheni," alisema. "Guka, hapa kuna benchi. Inua mguu. Haya, sasa ingine."

Mwingine alikimbilia mkono wa pili. Wa tatu aliondoa vigunzi njiani ili mzee asije akajikwaa. Phelister alikuwa na somo la herufi lililokwisha kuandikwa ubaoni. Alilifuta, akaketi tena, akawaacha wamwongoze.