Mbu wa Asubuhi

Pale kazini walimwita Mama Mbu, na wala hakuona ubaya. Kwa miaka mingi alikuwa akilea mbu wa aina moja tu, kizazi baada ya kizazi, katika vizimba vya wavu ndani ya chumba chenye joto mwisho wa ukumbi. Wa kwanza aliwanasa kwenye madimbwi ambayo sasa yamefukiwa na kujengwa maghala. Walikuwa na ukaidi wao: wenzao wakihangaika usiku na watu walio ndani ya vyandarua, wao walingoja asubuhi, mtu akitoka kupiga mswaki. Yeye ndiye aliyeligundua jambo hilo, na hakuna maabara nyingine iliyokuwa nao.

Mashine ya kuwalishia damu ilipoharibika na kipuri chake kikakosekana, alianza kuwapa mkono wake mwenyewe. Kila asubuhi aliuingiza kizimbani mpaka kiwikoni, huku akinywa chai kwa mkono wa pili. Binti yake aliwaambia rafiki zake kwamba ana ndugu wengi wa damu kazini kwa mama, ila ni wasumbufu.

Aliomba ufadhili wa shirika moja la ng'ambo, akapigwa chini. Akaomba tena, hali ikawa ile ile. Walimjibu kwa adabu kwamba hana mshirika kutoka chuo kinachojulikana, utadhani mbu huuma vizuri zaidi wakisimamiwa na mgeni. Alipoomba mara ya tatu, wakasema watakuja kujionea kwa macho. Wakiridhika, utafiti ungeendelea. Wasiporidhika, mkurugenzi alishatangaza kwamba chumba kitakuwa stoo ya viti.

Jumatatu ya wiki ya wageni alifungua mlango, harufu ikamkaba koo. Mbu walikuwa wametapakaa chini ya vizimba kama majani ya chai yaliyomwagwa, na viluwiluwi kwenye trei vilikuwa havitikisiki. Kumbe mkurugenzi alikuwa ameagiza jengo zima lioshwe, lipakwe rangi na kupuliziwa dawa kwa ajili ya ugeni, na wapuliziaji, watu wenye bidii ya kazi, hawakuruka chumba hata kimoja. Mama Mbu alikaa sakafuni akalia bila kujificha. Mkurugenzi alikuja, akashika kiuno, akauliza kama hawauzwi mahali.

Fundi wa maabara, aliyekuwa naye tangu kizimba cha kwanza, ndiye aliyekuja na wazo.

"Dada, nikanase wengine kwenye nyumba za bondeni. Tuwanyime hata maji ya sukari ya kunywa mpaka wageni wafike. Wakiwa na njaa watauma saa yoyote. Nani atajua?"

Alijua kwamba huo ni uongo, na uongo wa aina anayowafukuzia wanafunzi wake. Alifikiria viti vikipangwa humo ndani. Akamwambia aende.

Wageni walikuja asubuhi. Mkuu wao alikuwa mama mwenye mvi, mcheshi, aliyehangaika na mbu tangu ujana wake. Mama Mbu aliingiza mkono kizimbani, na mbu wenye njaa wakauvamia. Yule mama alifurahi kama mtoto. Akaanza kukunja mkono wa shati lake, akisema naye anataka kuonja. Hakuwa na sababu ya kuogopa, kwani mbu aliyezaliwa maabara hana ugonjwa, na kila mtu wa kazi hiyo anajua.

Lakini hawa walikuwa wametoka kwenye nyumba ambamo watoto hawaishi kuugua homa. Mkono wake mwenyewe alikuwa ameshautoa mhanga, hilo halikumsumbua. Mkurugenzi, tabasamu limemjaa, alikuwa anampisha mgeni. Mama Mbu alitafuta kisingizio, hakukipata. Vidole vya mgeni vilipogusa wavu, alimdaka mkono.

"Usiingize, mama. Hawa si wale. Wale wamekufa. Hawa wametoka mtaani juzi, na sijui wamebeba nini."

Mgeni alishusha mkono wa shati lake taratibu, akafunga kifungo. Hakukasirika, na hilo lilimuuma Mama Mbu zaidi. Mgeni aliuliza kwa sauti ya chini wale walikufa kwa nini.

Mama Mbu alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama viatu vyake.

"Walipuliziwa dawa," Mama Mbu akamwambia mgeni. "Ili nyinyi mkija msiumwe na mbu."