Maganda Chini ya Benchi

Zamu ya usafi wa kanisa letu la kigango ilipoifikia jumuiya yetu, Jumamosi hiyo nilikwenda nimenuna, maana mimi nyumbani hunitoi hivi hivi. Tulipopindua benchi la nyuma kabisa, nikaruka nyuma. Chini ya ubao kulikuwa na maganda ya kahawa za kutafuna, zile buni zinazokaushwa na maganda yake, meusi, yamegandishwa kwa mate, mengine yameota ukungu.

"Mnyama gani huyu?" nilifoka, kanisa zima likasikia. "Anatafuna kwenye Misa kama mbuzi! Paroko lazima aambiwe!"

Ndipo nikaiona nguzo pembeni, ile ile ninayoiegemea siku zote nikiwa kwenye Misa. Benchi ni langu. Kila Jumapili mahubiri yakirefuka, mimi hutafuna kahawa mbili tatu nisisinzie, maganda nayabandika pale chini kwa muda tu. Kumbe ule muda ni miaka! Nikaanza kuyakwangua kwa kucha, huku nikiomba asiwepo anayekumbuka huwa nakaa wapi.

Bibi mmoja wa jumuiya akaniletea kisu.

"Kwangua vizuri, mwanangu," akasema, na wenzake wakaangua kicheko. "Kesho si utakaa hapo hapo?"