Aliyekula Garanti Yetu

Nyumba ile ya Kadutu, mjini Bukavu, tuliipata kwa taabu. Vita vilikuwa vimetutoa kijijini Nyantende, mama, mimi na wadogo zangu wawili, na kila mwenye nyumba mjini aliuliza neno moja: "Baba yao iko wapi?" Mama alijibu kwamba alikufa. Hapo mazungumzo yaliisha, maana mwanamke bila bwana, walisema, halipi. Mwishowe komisyoneri, mtu anayeishi kwa kutafutia watu nyumba, alitupandisha mlimani mpaka kwenye chumba kimoja na saluni ya kukalia wageni, mabati yanavuja. Mwenye nyumba alitaka garanti ya mwaka mzima. Mama aliuza shamba lake akalipa.

Bukavu hata asiyejua kusoma anajua mambo ya garanti. Pesa hiyo si kodi, kodi unalipa kando, kila mwezi. Mwenye nyumba akitaka utoke, anakurudishia garanti kwanza. Asipokuwa nayo, unakaa bila kulipa mpaka iishe. Tunaita kula garanti.

Kisha watu wa mashirika ya misaada wakaja na dolari. Walipanga nyumba za chini karibu na ziwa, na waliokuwa chini wakapanda kwetu. Mwenye nyumba akaja mbio.

"Maman, mwezi ukiisha mutoke. Nilishapata watu wa kulipa dolari."

"Sawa, papa. Leta garanti yetu, tunatoka hata leo."

"Garanti nilinunua nayo mabati. Si ni nyinyi munalala pakavu?"

"Basi tutaila humu humu, chini ya mabati yako."

Alirudi siku mama yuko sokoni, pamoja na fundi seremala. Nilikuwa ndani peke yangu nachagua maharagwe. Niliacha masomo nilipomaliza la sita, na kusema mbele ya watu kulinishinda. Hakuniuliza kitu. Waling'oa mlango, wakauegemeza ukutani nje.

"Sasa tutaona kama mutalala," alisema.

Miaka ile wanaume wenye bunduki waliingia usiku hata kwenye nyumba zenye milango. Yeye alijua. Alijua pia kwamba humo ndani kuna msichana.

Sikulia. Nilibeba jiko la makaa nikaliweka pale pale mlango ulipokuwa, nikawasha, nikateleka sombe, majani ya muhogo. Njia ya kwenda kwenye bomba inapita hapo. Wamama wenye bidoni za maji walisimama.

"Mudogo, mlango ulienda wapi?"

Nilipuliza moto kwanza. Kisha neno likatoka, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka:

"Huyu papa alikula garanti yetu. Haikumutosha. Sasa anakula na mlango."

Kicheko kilishuka mlima mzima.

"Papa, tukuletee chumvi?"

"Mumuache, anangojea sombe iive, amalizie na mabati!"

Fundi naye alicheka, akaweka nyundo chini.

"Mutoto bila adabu!" mwenye nyumba alipiga kelele. Mimi nilikoroga sombe yangu.

Mtu alikwenda kumwita mkubwa wa avenyu, muzee anayeamua ugomvi wa majirani. Alifika, akatazama jiko, akatazama mlango.

"Garanti yao uko nayo mfukoni?" aliuliza.

Mwenye nyumba alianza kueleza habari za mabati.

"Basi rudisha mlango. Na kodi usiwadai tena mpaka iishe."

Fundi aliupigilia misumari, na mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeushikilia, wamama wakimwelekeza: juu kidogo, papa, chini kidogo.

Tuliila garanti yote, hatukumwachia hata mwezi mmoja. Ilipoisha tulifagia nyumba, tukatoa magodoro, na mama akanituma mimi nimpelekee mwenye nyumba ufunguo. Kwetu msichana hamtazami muzee machoni. Nilimtazama. Alipokea ufunguo, akatazama pembeni, na mimi nikabaki nimesimama pale mpaka akaingia kwake.