Jaji wa Kitabuni na Jaji wa Sinemani

Walimwita Gundi. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika maktaba ya mji, miaka kumi na tisa sasa, kwenye kichumba kisicho na dirisha nyuma ya makabati ya magazeti. Vitabu vilimfikia vikiwa hoi, kurasa zinaning'inia, na vilitoka kwake vimenyooka kama bwana harusi.

Kimoja kilikuwa mgonjwa wa kudumu. Ni riwaya ya mke wa jaji ambaye asubuhi moja anafungasha na kumwacha mumewe. Hajapigwa, hajanyimwa, hajaletewa mke mwenza. Amemchoka tu. Ilipotoka, watu walichachamaa, wakaandika magazetini kwamba ichomwe. Maktaba ikaificha chini ya meza ya mapokezi. Ukiitaka, uitaje kwa mdomo wako mbele ya foleni. Watu waliitaja. Mara nne ililetwa kwa Gundi ikiwa imeachia uzi, na kila alipoishona, aliisoma upya.

Mama mkwe wake, mkunga mstaafu aliyeishi na Gundi na mumewe, alikuwa ameipiga marufuku.

"Kitabu hicho kisivuke mlango wa mwanangu."

Basi Gundi alishangaa sinema iliyotokana na riwaya hiyo ilipofika mjini na bibi huyo akawa wa kwanza kuvaa viatu.

"Nasikia humu mwanamke anarudi kwa mumewe," alisema. "Twende."

Walikwenda Jumamosi mchana. Dakika ya kumi, jaji alikuwa amelewa chakari na kuvurumisha sahani ukutani. Gundi akaanza kujipinda kitini. Jaji alipoinua mkono kumpiga mkewe, uvumilivu ukamwisha, akasimama.

"Uongo! Jaji hakumpiga! Hajawahi hata kumpandishia sauti!"

"Dada, kaa chini tutazame!" watu wakafoka.

Hakukaa. Mlinzi akaja na tochi, akamtoa nje kwa adabu. Mama mkwe hakumfuata; alibaki mpaka taa zilipowashwa. Akamkuta mkwewe kwenye ngazi, ameshika tama.

"Karudi?" Gundi aliuliza.

"Karudi. Kalia, kapiga magoti, mume kaacha pombe." Bibi akakunja uso. "Unasema kitabuni hakumpiga?"

"Hakumpiga, mama. Alikuwa akimchemshia chai kila asubuhi."

"Hata kofi moja?"

"Hata moja."

"Basi wamemsingizia mtoto wa watu mchana kweupe!" bibi akawaka. "Kilete hicho kitabu."

Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo Gundi alimsomea jikoni, sura moja kila siku akitoka kazini. Mumewe alikuwa akisikiliza mlangoni akijifanya anatafuta miwani. Siku ya tatu alivumilia akashindwa.

"Kosa la huyo jaji hasa ni lipi?"

"Hana kosa," mkewe alimjibu.

Mwanamume akatafakari. Kisha akaanza kuosha vyombo, jambo ambalo hakuna aliyemwomba.

Kitabu kilipoisha, mama mkwe alitaka watu wengine wasikie. Alimwendea mkuu wa maktaba, akamsumbua mpaka akapewa chumba cha mikutano. Walikuja watu thelathini na wawili, wakiwemo wawili walioandika zile barua za kutaka riwaya ichomwe, na ambao, walipochimbwachimbwa, hawakuwa wameisoma.

"Mimi ningemtaka jaji wa kitabuni," bibi alifungua mjadala, "na mwisho wa sinemani."

"Lakini mama," Gundi akasema, "mume mlevi akiachwa, nani atakasirika? Ndiyo maana sinema haikumuudhi mtu. Kitabu kinauliza kama mtu anaruhusiwa kuchoka."

Bibi akachezea kishikizo cha blauzi yake kwa muda.

"Baba wa mume wako alikuwa mtu mwema," alisema mwishowe. "Mwaka mmoja nilifika mpaka kituo cha basi. Basi likachelewa, mvua ikaanza, nikarudi nyumbani."

Akacheka yeye mwenyewe kwanza, ndipo chumba kizima kikaangua kicheko.

Wiki iliyofuata riwaya iliwekwa kwenye rafu ya wazi. Gundi na mama mkwe wake bado wanabishana kuhusu mwisho upi ni bora, na sasa bibi amedai apewe riwaya nyingine iliyowahi kutukanwa, mradi asomewe kabla ya kwenda kutazama sinema yake.